Jina Langu Ndani ya Droo

Februari 12

Dada yangu mpenzi Verna,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Duane. Natumaini goti lake limepata nafuu na sasa anapanda trekta bila kushikwa mkono. Na Josie, mjukuu wenu, hajambo? Nasikia siku hizi anakimbiza kuku hadi wanagoma kutaga. Hapa mji mkuu theluji imefika madirishani. Mimi ni mzima wa mwili.

Uliniuliza habari za kazi mpya. Kadi yangu imeandikwa Mshauri wa Mahusiano na Serikali. Mzee Gus, bawabu wa ukumbi wa Bunge, aliisoma akacheka, akasema kumbe bwana Lowell sasa unalipwa kwa domo lile lile ulilotuchosha nalo bure. Miaka ishirini na sita nikiwa mbunge nilipita mlango wake bila kusimama. Sasa nasimama nyuma ya kamba na washauri wenzangu, naandika kikaratasi cha kumwita mbunge, nampa Gus akipeleke ndani, kisha nangoja. Zamani vikaratasi hivyo vilikuja kwangu, na vingi nilivitupa bila kuvisoma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Jumatatu nilimwita Tami Kruse, aliyerithi kiti changu. Unamkumbuka, yule mwalimu niliyemzungusha nyumba kwa nyumba nikimfundisha kuomba kura. Aliniacha nikingoja saa nzima. Nilitaka kumwomba alegeze mswada wake wa kupima visima vilivyo karibu na mabwawa ya kinyesi cha nguruwe. Ndiyo, Verna, ni mswada wako ule ule ulioniomba niupeleke Bungeni, ameufufua. Wateja wangu ndio wenye mabanda ya nguruwe hao. Jumanne ijayo utakapokuja kutoa ushahidi mbele ya kamati, utakuta orodha imebandikwa mlangoni, na upande wa wanaopinga jina la kwanza ni langu. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisoma pale mlangoni.

Lakini hilo ndilo dogo.

Tami alipotoka hakunipa mkono. Unajua desturi yetu, anayestaafu huandika jina lake ndani ya droo ya deski lake. Siku ya kuniaga walinishangilia, wakanizunguka na kamera, nikavuta droo na kuandika Lowell Haugen kwa wino mweusi, nikaisukuma kwa mbwembwe. Macho yote yalikuwa kwangu, sikuthubutu kutoa kilichokuwa chini kabisa. Baadaye nilikwenda kula keki nikasahau. Tami aliniambia kwamba alifungua droo siku yake ya kwanza ili alione jina la mwalimu wake, akaukuta mswada wako, na barua yako ya kurasa nne imebanwa juu yake. Akasema amengoja muda wote huu nikwambie mwenyewe, na sasa nisipokwambia atakwambia yeye.

Nilikuambia Baraza la Seneti ndilo lililouua mswada wako. Nilikudanganya. Haukufika Seneti. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi, na mwenyekiti hahitaji kupiga kura wala kusema neno. Anaufungia mswada kwenye droo hadi tarehe ya mwisho ipite, basi, umekufa. Wenye mabanda walikuwa wameshaniahidi kazi hii, wakasema watanisubiri ile miaka miwili ambayo sheria ilinitaka nikae pembeni baada ya kustaafu. Niliufungia mwezi Machi. Josie, akiwa bado mchanga, alikunywa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima chako mwezi Juni, sumu ya kinyesi ikamwingia damuni, akageuka rangi ya buluu mikononi mwako. Nilikesha nawe hospitalini, nikawalaani maseneta pamoja nawe, nawe ukanishukuru kwa kuupigania mswada. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika, na bado Jumanne nitakaa upande ule, kwa sababu nimesaini mkataba na mimi ni mwoga.

Zamu yangu ikifika nitauliza mbele ya kamati kama una hakika ni kisima na si bomba la jikoni. Ndilo swali nililopewa na wateja. Njoo na vipimo vya daktari, uvisome kwa sauti, wala usiniangalie usoni ukalegea.

Wasalimie wote, na Duane umwambie ukweli usipunguze. Pasaka iliyopita ulinichemshia kahawa kwa maji ya dukani kwa sababu mimi ni mgeni, ninyi wakubwa mkanywa ya kisima. Ukinifungulia mlango tena, nichemshie ya kisima.

Ndugu yako,
Lowell