Nyumba Zisizo na Migongo

Ndugu yangu, nimechoka. Miezi mitatu mizima nimefanya kazi bure.

Si unaijua ile treni ya kuchezea niliyomtengenezea mzee, na reli zake, kule kwenye korido? Korido yenyewe nyembamba, nyumba kamili hazienei. Nikakata za kadibodi, sura ya mbele tu, unene wa vidole viwili, nikazibandika ukutani nyuma ya reli. Mtaa wetu wa zamani wote. Nikajiona fundi kwelikweli!

Leo nimemleta aone. Dereva wa treni miaka thelathini, unamjua. Kainama, kaangalia. Kisha: "Yetu ipi?"

Namwonyesha. Anasema, "Hiyo siijui."

Hiyo siijui! Nyumba aliyotulelea!

"Mwanangu, ukiwa kwenye treni unaona migongo ya nyumba. Mimi nilikuwa naona mlango wa jikoni na kamba ya nguo. Mama yako akitundika shuka la njano, najua nyumbani shwari. Nikikuta kamba tupu, najua amenuna."

Yaani miezi mitatu, na treni inapita mbele ya milango ya sebuleni! Nimekulia mtaa ule na sikuliwaza hilo.

Basi nikaing'oa yetu, nikaigeuza. Nyuma ni kadibodi tupu na gundi. Nikamwambia nitachora mlango wa jikoni, nitafunga uzi, nitatundika na shuka la njano.

Akaitazama sana.

"Uzi funga. Shuka acha. Siku aliyofariki nilipita hapo, kamba tupu. Nikadhani amenuna tu."