Ndoo Imefika Jikoni Bila Mimi

Mujukuu wangu Furaha,

Pokea salamu huko Lubumbashi. Hapa Kalemie wote ni wazima, isipokuwa mimi. Tangu munganga wa hospitali anipasue mugongo, karibu na kiuno, Bibi yako ananichunga kama mufungwa. Jana niligusa ndoo ya maji tu, akaita majirani waje kunishangaa!

Unaniuliza kwa nini sitaki kusaidiwa. Basi sikia. Nilipokuwa kijana, tulibeba reli kwenye njia ya Kabalo, watu kumi na wawili. Kapita, musimamizi wetu, alikuwa anaimba, na kwenye neno la mwisho wote tunainua. Siku moja niliinua mbele ya lile neno kufika, ili waone nguvu zangu. Reli haikusogea, mugongo njo ulilia. Kapita akasema, "Kaa pale, utazame." Nikatazama wakiinua bila mimi. Hiyo njo iliniuma zaidi.

Leo Bibi yako na mama jirani wameshika ile ndoo. Wakahesabu, moja, mbili, tatu, wakainua. Mimi nimekaa nawatazama tu. Hata tone moja halikumwagika. Inakasirisha kweli!

Babu yako, bado kwenye kiti