Rangi Kabla ya Chaki

Nyumba ya uani, chumba cha nne,
Ng'ambo ya Mto Neva,
Leningrad.
20 Novemba 1936

Mpendwa Kondrat, mjukuu wangu,

Huna haya! Umeruka kutoka motoni ukiwa mzima, halafu mdomo huo huo uliosalimika unautumia kumchimbia dada yako kaburi! Nilizoea kukuita mume wangu. Leo nimekupa talaka.

Hata hivyo salamu ni haki ya kila mtu. Hujambo? Mikono inaendeleaje? Usitumbue malengelenge, na asikupake mtu siagi. Nyusi zitaota. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua theluji ikianza. Kabichi nimeshaitia chumvi, pipa zima.

Barua hii nimempa Yefim, dereva mwenzako anayerudi huko kambini kwenu kesho, maana posta wasomaji ni wengi kuliko waandikiwa. Na usizicheke herufi zangu. Nimejifunza kuandika uzeeni, darasa la jioni, na sikujifunza ili niandike uongo.

Sasa sikiliza. Juzi walikuja watu watatu wa kiwandani, mbele yao Vikenti, msimamizi wa karakana. Wakakaa mezani kwangu bila kukaribishwa. Wanasema kile kifaru kidogo mlichokivua mzinga mkakibebesha tangi la petroli, kiwe kinawanywesha wenzake vitani, kimeungua kwa kosa la dada yako Glafira. Alama yake imegongwa kando ya mshono wa chuma aliouchomelea tangini, basi mkosaji ni yeye. Nawe uliyekuwa unakiendesha umewaambia, "Mshono uliachia." Ukanyamaza hapo hapo.

"Bibi," Vikenti akaniuliza, "mjukuu wako huyu wa kike huwa anaongea na wageni?"

"Wageni ni nyinyi," nikamwambia, "na anaongea nanyi kwa kuwa hana budi."

Unalijua neno wanalotaka kumbandika. Mhujumu. Ukibandikwa hilo, hata jirani hakuazimi kiberiti. Zinovia wa chumba cha pili ameshahamisha sufuria zake jikoni, zisigusane na zetu.

Nikachukua dumu langu la mafuta ya taa, lile Glafira alilonichomelea alipokuwa mwanafunzi. Nikalipaka nje unga wa kusugulia meno. Si chaki ile ile mnayopimia mishono? Nikalitua, limejaa pomoni, juu ya kofia ya Vikenti pale mezani.

"Kunyweni chai tungoje. Likivuja, kofia nitaifua mimi."

Wamekunywa chai yangu yote, mashetani wale! Unga ukabaki mweupe pe.

"Bibi, dumu si kifaru," akasema.

"Kweli, mwanangu. Dumu langu lilipimwa."

Akaikodolea macho kofia yake.

Glafira hakujitia umalaika. Alisema mbele yao, "Labda niliacha kitundu. Kila mkono huacha. Ndiyo maana tuna chaki." Nawe unajua: mshono ukipoa, upande mmoja unapakwa chaki, upande wa pili mafuta ya taa. Penye kitundu cha sindano chaki inatoa doa, mchomeleaji anarudia, yamekwisha. Rangi ni baada ya hapo.

Lakini sherehe za Mapinduzi ya Oktoba zilikuwa mlangoni, na Vikenti alitaka vifaru ving'ae mbele ya wakubwa. Rangi ikatangulia, ikaziba vitundu kama poda usoni mwa mwenye ndui. Petroli ikaja kuila rangi njiani. Glafira alipoingia zamu akakuta kazi imekwisha. Akateta, akaambiwa anachelewesha sherehe. Sasa ni neno lake dhidi ya la msimamizi.

Na brashi alishika nani? Ulirudi hapa kucha za kijani, ukafuta bakuli mbili za supu yangu, ukacheka: "Leo mimi fundi rangi, bibi. Chaki tumeiruka!" Nilikusikia kwa masikio haya.

Yefim ameniambia Vikenti amekuahidi kukupendekeza shule ya makamanda. Kamanda wa nini? Kamanda anayejificha nyuma ya sketi ya dada yake? Babu yako alibeba magunia bandarini maisha yake yote, wala hakumtwisha mtu mzigo wake.

Humu kifurushini mna glavu. Glafira amekufumia, pana, zisibane bandeji. Hajui kama nakuandikia. Hajakutaja kwa ubaya hata mara moja, na hilo ndilo linalonichoma. Zivae, zikuunguze kuliko ule moto.

Wakija tena watanikuta mlangoni na mwiko. Mimi simwogopi Vikenti. Nimezika mume na wanangu wawili, nimekula mkate wa maganda mwaka wa njaa. Atanitisha kwa kofia ile?

Shangazi yako Agafya anakusalimu, na paka pia, ingawa naye hukumkumbuka. Mungu akulinde, hata kama kwenu wamemfuta kazi.

Kifaru cha pili kilipakwa rangi siku ile ile, kwa brashi ile ile, nacho kiko huko kwenu. Jumatatu anakipanda huyu huyu Yefim aliyekuletea barua. Yeye hajui, sikumwambia, maana wa kumwambia ni wewe. Basi kabla hajakanyaga ngazi, ita kamati nzima inayouchunguza moto ule. Kwangua rangi ya mshono mbele yao, paka chaki, mimina mafuta ya taa tangini, waonyeshe doa. Kisha taja aliyeamuru, na utaje aliyeshika brashi. Mwenyewe. Kwa sauti.

Bibi yako akupendaye bado,
Pelageya