Nyaga Anakuja na Nyimbo Zake

Kambini, Doha
Ijumaa mchana

Dada Nkatha,

Muga sana, wewe na shemeji na watoto. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba kile kikohozi ulichoniambia kimekwisha. Mama anasemaje kuhusu magoti yake? Najua huu ndio wakati baridi ya Kibirichia inaingia mpaka kwenye mifupa, na najua pia kwamba ukimwambia asiende shambani atangoja upite kona ndipo achukue jembe. Viazi vimekuaje? Baba aliniambia kwamba mnyauko umeingia upande wa chini, lakini Baba akishika simu huongea mbio kama mtu anayefukuzwa, kwa hivyo sikuelewa kama ni mistari michache au ni shamba zima. Niambie ukweli, usinifiche kwa sababu niko mbali.

Mimi mwili uko salama. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nimechukua karatasi badala ya kukutumia ujumbe.

Mtu aliyekuletea barua hii anaitwa Nyaga. Ni Mmbeere, kwao ni Kiritiri, na tumelala chumba kimoja tangu afike huku. Ukitaka kumwambia kitu, simama mbele yake aone mdomo wako. Hasikii. Sikio la kushoto limebakiza kidogo, ukimkaribia sana. La kulia halina kitu kabisa. Hakuzaliwa hivyo. Alikuja huku akisikia vizuri kuliko sisi sote, kwa maana ni mwanamuziki.

Utajiuliza kwa nini mtu wa Kiritiri amepita Embu, mahali alipopaswa kushuka, akaja mpaka Makutano huko Meru, kwa mtu asiyemjua. Hilo ndilo linalonisumbua, na nitalifikia.

Kwanza nikueleze jambo ambalo sijawahi kukuambia. Siku zile nilipokuwa nikikusaidia kibandani kwako hapo Makutano, vitabu vya mtumba upande mmoja na nyimbo upande mwingine, ulikataa katakata kuuza nyimbo ambazo mwimbaji mwenyewe hakuzileta. Majirani walikucheka. Wenzako walinakili nyimbo za kila mtu na wakauza sana, na wewe ulikaa na wale vijana wa Kiirua waliojirekodi chumbani kwao, ukiwasikilizisha wateja kazi zao kama vile ni watoto wako wa kuzaa. Mimi nilidhani ni ukaidi. Huku ndiko nimekuja kukuelewa.

Ijumaa hatufanyi kazi. Nyuma ya chumba cha kufulia kuna ukuta mrefu, na hapo mpishi wetu, Mnepali anayeitwa Bahadur, hutundika shuka nyeupe na kuwasha projekta ndogo. Haonyeshi filamu kubwa kubwa. Huonyesha zile ambazo watu wametengeneza wenyewe. Ya kwanza niliyoiona ilitengenezwa na binamu yake kwa simu. Mama mzee anapanda mlima akiwa amebeba mlango mgongoni. Mlango mzima wa mbao, kwa sababu nyumba ya mwanawe huko juu imebaki bila mlango. Hiyo ndiyo hadithi yote. Akichoka anauegemeza kwenye jiwe, na watu wanaopita wanaubisha kwanza ndipo wamsalimie. Wanaume waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza wote. Mimi nilikuwa namwona Mama na gunia la viazi.

Halafu kuna kitabu. Dereva wa basi letu, mtu wa Kerala, aliandika hadithi za madereva, akazichapisha mwenyewe, na binti yake akazitafsiri kwa Kiingereza. Kuna moja ya dereva anayejua majina ya watoto wa abiria wake wote, na hakuna abiria anayejua jina lake. Kitabu hicho kimepita mikononi mwa watu wengi mpaka jalada limelainika kama kitambaa. Nimekuombea nakala yako, iko kwenye mkoba wa Nyaga. Ruka hadithi ya kwanza, hata mimi haikunishika. Anzia ya pili, na usimwazime mtu kabla hujamaliza. Dada, sijui nikueleze vipi. Unatoka kazini umejaa vumbi, hakuna anayekuita kwa jina lako siku nzima, kisha unakutana na kitu ambacho mtu kama wewe alikitengeneza bila kuombwa na yeyote. Usingizi unakuja vizuri siku hiyo.

Basi ndani ya maisha hayo akaingia Nyaga na gita lake. Siku ya kwanza tulibishana kuhusu kilicho bora kutafuna, miraa yetu au muguka wao, kama unavyojua Mmeru na Mmbeere hawawezi kukosa kubishana. Siku ya pili akaimba. Ulikuwa wimbo wa mbuzi anayekataa kuvuka mto uliokauka kwa sababu bado anakumbuka maji. Kimbeere nakishika nusu tu, lakini nilimwomba aurudie mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza ni nini. Alikuwa anarekodi ndani ya kabati la nguo, kichwa kikiwa katikati ya mashati yetu ili mwangwi usiingie. Akimaliza wimbo anautuma kwa yeyote anayeutaka. Waganda waliutaka, Watanzania waliutaka, Bahadur aliutaka. Ukipita koridoni jioni unasikia Kimbeere kikitoka kwenye simu ya mtu wa Nepal anayekata vitunguu.

Kazi yake ilikuwa ya mashine ya kuvunja zege. Kelele ya mashine ile huisikii kwa masikio tu, inakuingia kwenye meno. Vifuniko vya masikio alivyopewa vilipasuka, akaomba vingine. Msimamizi akamwambia vinakuja. Akawa anaziba masikio kwa pamba. Msimamizi huyo akahamishwa, aliyefuata naye akasema vinakuja.

Mimi niliona kwanza kwenye gita. Ijumaa moja alianza kupiga nikashtuka, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimeshuka na yeye hakuwa na habari. Nilimwambia kwa upole, tukiwa wawili tu. Akanijibu kwamba masikio yangu ndiyo yameharibika. Tukakaa muda mrefu hatusemezani, watu wa chumba kimoja, tunapitana kama wageni. Baadaye akaacha kuja kwenye filamu. Akaacha pia kupokea simu za mke wake.

Mke wake anaitwa Wanja, yuko Kiritiri, analima pojo na kuchunga mbuzi wao. Alikuwa akipiga simu kila jioni. Nyaga akaanza kumwandikia kwamba simu yake imeharibika sauti, watumiane ujumbe tu. Mwanzoni Wanja alikubali. Kisha akaona siku zinakwenda na simu haitengenezwi, akafikiria kile ambacho mwanamke yeyote angefikiria. Akatafuta namba yangu akaniandikia, "Shemeji, niambie tu jina lake." Nilimjibu kwamba hakuna mwanamke. Hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeamini.

Nyaga alipopelekwa kliniki hatimaye, ni kwa sababu lori lilipiga honi nyuma yake na hakusogea. Dereva alikanyaga breki, Mungu akasaidia. Nilikwenda naye. Daktari aliandika kwenye karatasi ili asome: kilichoharibika hakitarudi, na sikio la kushoto huenda likafuata. Haukupita muda kampuni ikamwambia mkataba wake umekwisha.

Siku hiyo nilimkuta ameketi kitandani na simu mkononi, kidole kinakwenda. Nilimkaribia sikio la kushoto nikamwuliza anafanya nini.

"Nazifuta," akasema.

"Nyimbo?"

"Mtu akizisikia ataniambia niimbe. Nitamwambia nini?"

Nilijaribu kumnyang'anya ile simu, tukavutana kama watoto mpaka akaniangusha. Aliponipa mkono niinuke, alikuwa amezimaliza.

Dada, nilihisi kama mtu amekufa humo chumbani. Lakini Bahadur ndiye aliyefikiria. Akasema nyimbo zile si zake tena peke yake, ziko kwenye simu za kambi nzima. Tukazunguka chumba kwa chumba, mimi na yeye, tukiomba. Mganda mmoja alikuwa ameubadilisha ule wa mbuzi kuwa mlio wa simu yake, hajui maana ya hata neno moja. Tulizipata karibu zote. Ule uliokosekana ni wa mwisho, ambao hakuwahi kumtumia mtu. Niliusikia kupitia mlango wa kabati tu. Ulikuwa wa Wanja. Huo umekwenda.

Ijumaa iliyopita tulimuaga. Sikutaka aimbe, niliogopa, lakini watu walimletea gita ambalo Mganda alikuwa amelirekebisha nyuzi. Nyaga akalitazama kwa muda. Kisha akaweka kidevu chake juu ya mbao ya gita, nadhani ili aisikie kupitia mfupa, akaanza ule wa mbuzi. Sitakudanganya kwamba ulikuwa mzuri. Sauti ilikuwa inapanda mahali pa kushuka, na katikati ilipotea kabisa. Nilitazama chini. Ndipo watu wakauchukua. Wote, na Kimbeere chao kibovu, wakaimba sehemu ya kuitikia. Nyaga aliacha kupiga. Alikuwa anatazama midomo yao, mmoja mmoja, kuanzia upande huu mpaka ule. Maneno yake mwenyewe, anayasoma kwenye midomo ya watu wa nchi ambazo hajawahi kufika. Hakulia. Alikaa tu na kutazama mpaka wimbo ukaisha, na ulipoisha akafanya ishara kwa mkono kwamba turudie.

Nilidhani baada ya hapo atakubali kwenda nyumbani. Hapana. Aliniambia mpango wake ni kukaa Makutano, abebe magunia ya viazi kwenye malori, amtumie Wanja matumizi kama kwamba bado yuko huku. Nikamwambia huo ni wazimu, Wanja ni mke wake, hatamkimbia kwa sababu ya masikio. Akaniuliza, "Taa ikizimwa na Wanja aniambie neno gizani, nitajuaje?"

Nilimpa jina lako na mahali kibanda kilipo kwa sababu afadhali awe karibu na mtu wetu kuliko awe peke yake katika mji asioujua.

Kwa hivyo nakuomba, dada. Usimtafutie chumba. Mpe chakula, mwonyeshe vitabu vyako, atavipenda. Nyimbo zake tulizokusanya anazo kwenye flash ndogo nyeusi. Usizicheze kibandani kabla hajakubali mwenyewe, unajua ulivyowaheshimu wale wengine. Kisha siku mbili tatu zikipita, funga kibanda umsindikize mpaka Kiritiri. Mimi ningemwandikia Wanja, lakini Nyaga ameniapisha nisiseme, na sitaki kumpoteza rafiki huyu. Wewe hujaapa kitu. Na kama kuna njia yoyote ya kumfanya auimbe ule wimbo uliofutika, hata vibaya, hata kidogo, wakati lile sikio la kushoto bado linasaidia, tafadhali urekodi. Najua naomba mengi.

Msalimie Mama, umwambie sweta aliyonifumia naivaa ndani ya basi la kazini, lina baridi kuliko Kibirichia. Msalimie Baba, mlezi wa moyo wangu. Msalimie Shangazi Karimi, muuza maziwa wa Kiirua, na mjomba wetu mzee wa kanisa, ambaye najua atataka kumwombea Nyaga mbele ya watu. Umzuie kwa heshima, Nyaga hapendi kutazamwa. Wanao uwapakate kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako akuwazaye, aliyejifunza kusikiliza kwenye kibanda chako,

Murithi

Dada, nimeifungua tena. Sikutaka mtu abebe maneno yanayomhusu bila kuyajua, kwa hivyo nimempa Nyaga asome. Amesoma akiwa ameketi juu ya sanduku lake, polepole, na alipofika kwa Wanja na lile swali lake la jina, alirudi nyuma akasoma tena. Hakuwa anajua kwamba Wanja aliniandikia vile. Nilidhani ataichana. Badala yake ameandika kitu kwenye simu yake, kisha ameniomba kalamu. Yanayofuata ni mkono wake.

Dada Nkatha, mimi ndiye Nyaga. Asante kwa mahali ambapo ungenipa, ingawa hukuulizwa. Nimemwandikia Wanja sasa hivi kwamba sisikii, na kwamba hakuna mwanamke. Nimeona amesoma. Hajajibu. Barua hii na kitabu na nyimbo nitampa dereva wa matatu ya Meru akufikishie hapo kibandani. Nyimbo ziuze, nimekubali. Mimi nitashuka Embu. Kama Wanja atanipokea, tutakuja wote kukuamkua. Kama hatanipokea, hata hivyo nitakuwa nimeshuka Embu.