Tabia Yangu Haina Shida

Jumatatu, 3 Februari

Kipindi cha tatu cha elimu rika. Darasa letu la uuguzi lina watu thelathini. Wamekuja kumi na wawili, watano wamelala. Joto la chumba kile linaweza kuivisha mahindi ya muthokoi. Mimi mbele na slaidi zangu za mabadiliko ya tabianchi. Musyoka akapiga mwayo, ati, "Mwende, sisi tunasomea sindano, si mawingu." Kicheko. Mwalimu Kioko, aliyenichagua yeye mwenyewe niwafundishe wenzangu, alikuwa kwenye simu.

Kwani wanaoangushwa na jua watahudumiwa na nani? Mawingu? Nimekasirika kweli.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya kliniki ya presha. Mwalimu Kioko akanituma nizungumze na wagonjwa kwenye foleni. Nikasoma slaidi kama zilivyo. Mabadiliko ya tabianchi yanaleta magonjwa. Kila mmoja wetu ana wajibu.

Bibi mmoja wa kutoka Muthetheni, Susu Kalondu (susu ndiyo nyanya kwetu), akainuka na fimbo yake. "Tabia? Mimi niko na bwana mmoja tangu niolewe. Amekufa na bado niko na huyo mmoja. Tabia yangu haina shida!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Musyoka alicheka mpaka akakaa chini. Susu alidhani namsuta mbele ya watu. Akachukua kadi yake, akaondoka. Hakupimwa presha, hakuonwa na daktari. Nilimfuata mpaka getini, nikimwita susu, susu. Hakugeuka.

Shenzi Musyoka. Shenzi foleni yote.

Ijumaa, 7 Februari

Sasa naitwa Tabia. "Niaje, Tabia?" kantini. "Tabia, pitisha chumvi." Sikumaliza chakula. Nikisikia tena nitamrushia mtu sahani.

Jumanne, 11 Februari

Susu Kalondu ameletwa wodini. Alianguka njiani akitoka mtoni na mtungi wa maji. Ulimi mkavu, presha chini kabisa, hajui yuko wapi. Jirani aliyemleta alikuwa na mfuko wake wa dawa. Vidonge vya presha, vile vya kukojoza. Anavimeza kila asubuhi bila kukosa. Maji ya kunywa, kikombe kimoja kwa siku. Kisima cha karibu kimekauka, mto ni mbali, na ng'ombe naye anataka.

Alhamisi tungemuuliza swali moja tu. Susu, maji unapata wapi? Swali hilo liko kwenye slaidi yangu ya tisa. Sikufika ya tisa. Nilikuwa nang'ang'ana na ya kwanza, ile yenye neno kubwa.

Musyoka ndiye aliyemtafutia mshipa wa dripu. Mara ya tatu ndipo akaupata. Hakucheka leo. Bado nilitaka kumtukana. Lakini si yeye aliyemfukuza Susu kwenye foleni. Ni mimi. Najichukia, na nikimaliza kujichukia naanza upya.

Akifa?

Jumatano, 12 Februari

Amefungua macho. Amekojoa. Sikuwahi kufurahia mkojo wa mtu hivi.

Mwalimu Kioko anataka ripoti ya elimu rika. Ati niandike mazungumzo ya kliniki yalipokelewa vizuri. Yalipokelewa vizuri! Yeye alikuwa wapi? Nimeandika yote: neno, kicheko, bibi aliyeondoka bila kupimwa, dripu. Akaisoma amesimama, akasema mimi ni mkaidi. Sawa. Abaki nayo.

Alhamisi, 13 Februari

Susu ameketi leo. Daktari amempunguzia vidonge. Aliniona nikipita akaniita kwa mkono.

"Wewe ni ule wa tabia."

Nikasema ndiyo, susu. Nikamwomba msamaha. Akauliza siku ile nilitaka kusema nini hasa. Nikavuta kiti. Nikamwambia miaka hii joto limezidi na mvua haziji kama zamani, na kwamba dawa yake inatoa maji mwilini, kwa hiyo asijinyime ya kunywa, na akihisi kizunguzungu arudi mapema. Slaidi sikuwa nazo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni jua," akasema. "Jua naijua. Mbona hukusema jua?"

Nikamjazia kikombe, akanywa chote, akaninyooshea tena.