Kitambaa cha Uwanja wa Ndege

Kwa shemeji Apolinari, Masagati.

Salamu nyingi. Mimi mzima, na uwanja wa ndege hapa Katindiuka nausimamia mimi, si mwingine. Tangu Mjerumani akimbie, Waingereza wameona mimi tu ndiye ninayefaa. Nafyeka majani, nafukuza nyati, nawasha moshi rubani aone upepo. Jana ndege imezunguka juu, imezunguka, ikarudi ilikotoka. Afisa akaja anafoka: "Mzee, kitambaa cheupe kiko wapi? Rubani atajuaje pa kutua?"

"Bwana, huyo rubani hana macho?"

Watu hawa wamenichosha, shemeji. Vita imemaliza nguo nchi nzima, tunavaa magome ya miti, wao wanatandika jora zima juu ya majani! Wakati wa Maji Maji niliwazika ndugu zangu bila sanda, nikaapa sirudii.

Dada yako Justa homa imemchukua Jumapili. Kitambaa amevaa yeye.

Afisa anakitaka kesho. Asithubutu kuchimba, nimekaa hapa kaburini na mkuki wangu. Njoo upesi. Wakinifunga, matanga simamia wewe.

Ni mimi shemeji yako Fulgensi, mkubwa wa uwanja.