Mkunga na Mkono wa Saidi

Jumatatu, 7 Julai
Nimesafisha matangi manane ya samaki wa mapambo hapa bandani. Maji baridi, vidole vimekufa ganzi. Samaki wote wamekula isipokuwa mkunga aliyeletwa Ijumaa. Kajichimbia mchangani, pua tu iko nje. Tajiri anasema akifa nimtupe. Hana sura ya kupendwa: mwembamba, kahawia yenye madoa, urefu kama kuanzia kiwiko changu hadi vidole. Pua imechongoka, na nchani ana vijibomba viwili. Mgongoni safu ya miiba mifupi. Namwonea huruma hata hivyo.

Jumanne, 8 Julai
Nimefunika tangi kwa kanga, nikachungulia pembeni. Katoka! Kumbe anataka giza. Kanusa kwanza, kisha kanyakua uduvi mmoja mmoja. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Mdogo wangu Saidi ndiye anayetuzamia samaki ziwani. Anasema huko chini mkunga hukaa kwenye nyufa za miamba, na akishtuka hurudi kinyumenyume. Tajiri anataka wengine wawili. Saidi atazama kesho.

Jumatano, 9 Julai


Saidi kachomwa. Aliingiza mkono ufani amsukume mkunga wavuni, kitu kikamchoma kiganjani. Hakuona ni nini. Wenzake wakamfunga mpira wa baiskeli juu ya kiwiko, wakaukaza kwelikweli. Nyoka, swila wa majini, wakasema. Swila wapo kwenye miamba ileile, si uongo.

Walimleta hapa nje ya banda. Mama akafika na bodaboda kutoka Ujiji, analia, anataka apelekwe Kidahwe kwa mtu wa kuchanja na kunyonya sumu. Mkono umevimba, umeiva zambarau. Nikaangalia wavu waliokuja nao: mkunga yumo, miiba yote imesimama. Nikaangalia kiganja: matundu manne, mstari mmoja.

"Si nyoka, mama. Ni miiba ya huyu."

"Una uhakika?"

Sikuwa nao. Nikasema ninao. Nikaufungua mpira.

Mama akanizaba kofi mbele ya watu wote. Nikamwingiza Saidi kwenye bajaji, hospitali.

Alhamisi, 10 Julai
Yu hai. Anapumua vizuri, kope hazijalegea. Daktari anasema hakuna dalili ya sumu. Mpira uliokazwa vile, anasema, ni hatari hata kwa aliyeumwa na nyoka kweli. Ungekaa zaidi, mkono ungekufa.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake najiuliza. Je, ingekuwa swila?

Ijumaa, 11 Julai
Homa. Kiganja kinatoa usaha. Ncha ya mwiba imebaki ndani, wamepasua. Mama amekaa upande wa pili wa kitanda. Anamlisha uji, ananipa bakuli nikalioshe, bila kunitazama.

Jumapili, 13 Julai
Homa imeshuka. Kidole cha kati hakikunjiki. Saidi anafanya mzaha, anasema sasa atawaonyesha watu njia bila shida. Nilicheka halafu nikalia. Ni mimi niliyemsifia yule mkunga kwa tajiri, ndiyo maana akataka wengine. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 16 Julai
Nimemwambia Saidi. Akasema, "Dada, si kosa lako, wala la mkunga. Hata mimi ningempiga mtu kama angenifuata chumbani." Kisha akasinzia.

Jumamosi, 19 Julai
Saidi yuko nyumbani. Daktari kamkataza kuzamia mpaka kidonda kifunge.

Alasiri Mama kaja bandani. Miaka minne nafanya kazi hapa, hajawahi kuingia. Kasimama mlangoni na mfuko wa machungwa ya soko la Mwanga. Nikamwamkia, akaitikia. Akauliza, "Yuko wapi huyo mkunga?"

Nikamwonyesha. Nikafunika tangi, nikamvutia ndoo iliyogeuzwa, akaketi. Nikabaki nimesimama nyuma yake. Tukangoja. Pua ikatokeza chini ya jiwe, halafu mwili wote, taratibu, miiba imelala.

"Mbona mwoga hivi," Mama akasema.

Akamenya chungwa. Akanipa nusu.